Sahani Iliyoimba Vizuri

Alexander Kashindye alikuwa na sikio. Masikio alikuwa nayo mawili kama binadamu yeyote, lakini lile alilojivunia lilikuwa moja, nalo halikuwa la nyama; lilikuwa kipaji. Akisimama kama mwalimu mbele ya kwaya ya kanisa lao pale Mkuyuni, watu arobaini wakiimba kwa pamoja, aliweza kunyoosha kidole na kusema nani amepanda mno na nani ameshuka. Mkuyuni nzima ilijua kwamba ana sikio hilo, kwa sababu mwenyewe aliwaambia.

Aliyeonja ukali wa sikio hilo kuliko wote ni Okwach Gidion, fundi magari mwenyeji wa upande wa Shirati, aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya soko. Okwach aliimba besi. Kwa miaka sita, karibu kila zoezi, ilifika mahali Kashindye akainua mkono, kwaya ikanyamaza, naye akasema kwa upole ule unaouma kuliko tusi, "Besi inashuka. Bwana Okwach, tunakusubiri." Okwach aliinamisha kichwa, akajikohoza, wakaanza upya. Hakuwahi kubisha. Kashindye aliuona ukimya huo kuwa ni kukiri kosa.

Siku za kazi Kashindye alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, viwanda vya samaki vilichipua ufukweni kama uyoga baada ya mvua, na mtu mwenye shemeji anayefika Dubai alikuwa mtu wa kuamkiwa mapema. Kashindye alikuwa na shemeji wa namna hiyo, Malimi, kaka wa mkewe Tereza. Malimi ndiye aliyemletea gari, saluni ya Kijapani, rangi ya maziwa, iliyokwisha kutumika huko ilikotoka lakini bado ikinukia vizuri ndani. Tena ilikuwa ya otomatiki. Haikuwa na klachi. Kwa wiki nzima majirani walikuja kuinama chini ya usukani ili wajionee wenyewe kwamba pedali ni mbili tu.

Kashindye alikuwa amejifunzia udereva kwenye lori bovu la kiwanda, lori ambalo bila kulingurumisha sana halikubali kuondoka. Akaja na mazoea hayo hayo kwenye gari jipya. Kila Jumapili baada ya ibada alijitengeneza kwenye kiti, akaiacha gia kwenye N, injini ikiwa huru, akakanyaga mafuta mpaka waumini wageuke, halafu ndipo akaivuta gia kwenye D. Gari liliruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba, likatulia, likaenda zake. Watoto walishangilia. Kashindye aliamini kwamba kule kuruka ndiko kuonyesha injini ina nguvu, na pengine hata dereva.

Kelele ilianzia Kamanga. Siku hiyo yeye na Tereza walikuwa wamevuka na kivuko kwenda Sengerema kumtazama mama mkwe aliyekuwa anaumwa miguu. Kivuko kilipogusa ng'ambo, magari yakaanza kupanda moja moja kuelekea nchi kavu, na kwa kuwa watu waliosimama pale walikuwa wengi kuliko waumini wa Jumapili yoyote, Kashindye alikanyaga mafuta kupita kiasi chake cha siku zote. Gari liliruka hata kitambaa cha Tereza kikamwangukia machoni. Walipofika juu wakasimama nyuma ya lori la mihogo, na hapo, kutoka chini ya miguu yao, kikasikika kitu kinagonga. Ko, ko, ko, ko. Kiligonga kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole.

"Baba Hellen," Tereza akasema, "kuna kitu kinagonga."

Mwenye sikio hakuwa amesikia, maana alikuwa akijiimbia. Alipoambiwa, alifunga redio, akafumba macho, akainua kidole kama yuko zoezini. Baada ya muda akatangaza kwamba hiyo ni beringi ya konrodi. Neno hilo alikuwa amelipata kwa madereva wa kiwandani wiki mbili nyuma na alikuwa akitafuta mahali pa kulitumia.

Walimwona mama mkwe, wakarudi polepole, na Jumatatu jioni gari likawa gerejini kwa Okwach. Fundi aliwasha injini, akaegemea ubavu wa gari, akasikiliza. Kisha akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini, na badala ya kuweka mpini sikioni kama mafundi wengine, akauuma kwa meno. Alihamisha ncha kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, macho kayafumba. Kashindye alijizuia kucheka. Halafu Okwach akamwomba akae kwenye usukani, akanyage breki, aweke gia kwenye D. Kelele ikafifia. Aliporudisha N, kelele ikarudi.

Okwach alifuta mpini wa bisibisi kwa tambara. Alieleza kwamba kelele haiko tumboni mwa injini. Iko nyuma, pale injini inaposhikana mkono na gia boksi. Gari la klachi lina gurudumu zito la chuma mahali pale. Gari la otomatiki lina sahani nyembamba ya chuma tu, na sahani hiyo ikipata ufa, hugonga namna hii.

"Mwalimu, hapa si beringi," akamalizia. "Ni sahani."

"Bwana Okwach," akasema Kashindye, "katika mambo ya sauti, tuachie wenyewe."

Alisema hivyo mbele ya mafundi wawili na mteja mmoja aliyekuja kuziba pancha. Miaka mingi baadaye, kila aliposimulia habari hii, alipofika kwenye maneno hayo alijifunika uso kwa kiganja kabla ya kuyatamka.

Okwach alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Basi, mali ni ya mwenye mali: injini ikafunguliwa kwa chini, beringi zikatolewa. Zilikuwa nzima, zinang'aa kama sarafu mpya. Okwach alimwekea kiganjani azione, na Kashindye akajibu kwamba jicho hudanganyika, sikio halidanganyiki. Beringi mpya zikanunuliwa, zikafungwa, mafuta mapya yakamiminwa, injini ikawashwa.

Ko, ko, ko, ko.

Ilikuwa kelele ile ile, kwa noti ile ile, ila sasa ilisikika safi zaidi kwa sababu ya mafuta mapya. Okwach alianza kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Mwishowe Kashindye mwenyewe akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa wazo lake, kwamba ingefaa sasa washushe gia boksi.

Waliposhusha, sahani ikajionyesha. Ilikuwa na upana wa ungo mdogo, nyembamba, pembeni imezungukwa na meno ambayo stata huyashika ili kuamsha injini, katikati ina matundu ya bolti. Kuyazunguka matundu yale, nyufa zilikuwa zimetambaa kama za chungu kilichowekwa motoni kabla hakijakauka. Bado kidogo katikati pangeng'oka pabaki na tundu. Okwach aliitazama sana, kisha akamuuliza Kashindye huwa anaondoaje gari. Kashindye akamwonyesha kwa mikono na miguu, na kwa mdomo akaigiza ngurumo, bila kuacha kitu.

"Basi hii haikufa kwa uzee, Mwalimu," Okwach akasema. "Imekuwa ikipigwa ngumi kila Jumapili."

Sasa ikaja kazi ya kutafuta nyingine. Duka moja mjini lingeweza kuagiza sahani mpya Nairobi, na bei yake ilipotajwa, Kashindye alitafuta tairi akakalia, hasa kwa kuwa beringi zisizo na kosa zilikuwa zimekwisha kula akiba yake. Njia ya pili alipendekezewa na mchomeleaji wa jirani, aliyesema ataziba nyufa zote kwa bei ya kilo mbili za sukari na kazi iishe kabla chai haijapoa. Kashindye alikuwa ameshasimama kumfuata. Okwach akamzuia. Alimweleza kwamba sahani ile inazunguka mbio kuliko feni, na imefanywa nyembamba makusudi ili inesenese kidogo. Ukiichomelea moto utaipinda, na hata isipopinda, ufa utahama kando ya kiraka tu. Baada ya mwezi watashusha gia boksi tena, na kazi ya kushusha haitapungua bei kwa sababu ya urafiki.

Ikabaki njia ya tatu, sahani iliyotumika, ya kutoa kwenye gari lililokufa kwa ugonjwa mwingine. Mahali pa kuipata palikuwa Mkolani, kwa mama Paskazia, mjane aliyekuwa akinunua magari yaliyopinduka barabara ya Shinyanga na kuyauza kipande kimoja kimoja, kama mchinjaji. Okwach alimpa mteja wake maelekezo. Ahesabu meno, yalingane na ya sahani ya zamani. Aweke sahani juu ya sahani, matundu yaonane. Halafu apime kina, maana sahani hizi si bapa. Katikati zimezama kidogo, na magari yanatofautiana kwa kuzama huko. Alaze rula juu, apime kutoka kwenye rula hadi chini, kwa zote mbili. Mwisho atafute ufa: aioshe kwa mafuta ya taa, aifute ikauke, apake unga wa chaki, kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka na kuchora mstari kwenye weupe wa chaki. Akamwambia pia kwamba akisubiri Jumamosi watakwenda wote.

Kashindye hakuweza kusubiri Jumamosi. Jumapili mbili mfululizo alikuwa amekwenda kanisani kwa miguu, na watu walikuwa wameanza kumpa pole kana kwamba kafiwa. Alhamisi alipotoka kazini aliweka sahani mbovu kwenye kiroba, akaifunga nyuma ya baiskeli pamoja na rula, chaki na kichupa cha mafuta ya taa, akashika njia ya Mkolani peke yake.

Mama Paskazia alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha gari kisicho na gari, anapukuchua karanga. Mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kashindye alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha karanga zake, akasikiliza shida, akamwonyesha kwa kidevu pembe moja ya ua. Palikuwa na sahani nne. Mbili matundu yake hayakuonana na ya kwake. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa safi, inang'aa. Nyingine ilikuwa imegandwa na tope na mafuta mazito mpaka hujui ni chuma au ni kisahani cha udongo.

"Chukua hiyo ya tope," Paskazia alimwambia. "Gari lake lilikuwa pacha wa hilo lako unalolisema. Lilitumbukia mtaroni likiwa zima. Tena hiyo ni bei rahisi."

Mtu mwingine yeyote angekwisha maliza. Lakini Kashindye aliomba waya. Alizitundika sahani zote mbili kwenye mlango wa gari bovu, akarudi nyuma hatua moja, akaigonga ile ya tope kwa spana. Ilitoa mlio butu, kama wa gunia la mihogo likipigwa. Kisha akaigonga ile safi.

Sahani ile iliimba. Mlio ulitoka mwembamba na mzima, ukaning'inia hewani, ukapita juu ya mabati ya jirani, ukachukua muda wake kuzimika. Ilikuwa noti ya soli. Soli safi, isiyopanda wala kushuka, soli ambayo kwaya yake ilikuwa ikiitafuta tangu Pasaka. Aligonga tena, akafumba macho, akajibu kwa do ya chini, kisha akaweka mi katikati. Mama Paskazia aliacha karanga. Wapita njia wawili walisimama kwenye wigo. Kashindye, alipofumbua macho na kuona ana wasikilizaji, akawaeleza kwamba chuma chenye ufa hakiwezi kuimba. Chuma kikiimba namna ile, ni kizima kabisa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza, maana mtu akiwa na ukweli nusu mkononi hujiona ameshika wote.

"Sasa mwanangu," mama Paskazia akauliza, "unataka gari liende au liimbe?"

Kashindye alimtabasamia, kama mtu anavyomtabasamia asiyesoma noti. Alihesabu meno, yakalingana. Matundu yakaonana. Chaki aliona haina haja. Rula ilibaki kwenye kiroba, na aliikumbuka akiwa tayari barabarani, maeneo ya Butimba, baiskeli ikiwa kwenye mteremko. Alijiambia kwamba chombo chenye sauti ile hakiwezi kuwa na kasoro ya kina. Akaendelea kuteremka.

Ijumaa jioni aliifikisha gerejini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuitundika amgongee Okwach asikie. Okwach alisikiliza mpaka mwisho. Alisema inalia vizuri. Kisha akaitundua, akaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, akahesabu kuzunguka. Sawa. Akaweka sahani juu ya sahani. Sawa. Kashindye alikuwa ameanza kupumua kwa furaha. Okwach akachukua rula, akailaza juu ya sahani ya zamani, akapima. Akailaza juu ya mpya, akapima. Akapima tena. Pakawa kimya, kimya kile ambacho Kashindye alikijua vizuri. Ndicho kilichokuwa kikishuka kwenye kwaya kila alipoinua mkono.

"Hii ni bapa, Mwalimu. Yako imezama zaidi, karibu upana wa kidole."

Alimfafanulia kwa utulivu. Sahani hii ni ya gari jingine. Ukiifunga hapa, lile dude la mviringo lililo mbele ya gia boksi halitapata nafasi yake, litasukumwa nyuma, litasaga pampu ya mafuta. Hapo hatatafuta sahani tena. Atatafuta gia boksi nzima.

Kashindye alirudi kukaa kwenye lile tairi. Kwa mara ya kwanza tangu afahamiane na mtu huyu, alisubiri aambiwe. Okwach angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake. Aliendelea kupanga spana zake. Basi Kashindye, ili tu kuvunja ukimya, akamuuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa siku ya kwanza: alijuaje ni sahani, na kwa nini anauma bisibisi?

Okwach akageuka kumkabili. Alisema sikio lake la kushoto lilikufa zamani, Musoma, alipofanya kazi miaka minane akigonga bodi za mabasi kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi jioni. La kulia linasikia, si sana. Kwa hiyo alijifunza kusikiliza kwa mifupa. Chuma kinaongea na meno yake, na meno hayamdanganyi.

"Miaka yote sita umeimba na sikio moja?" Kashindye akauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mwalimu. Wewe uliniambia tu."

Kashindye akasema samahani. Okwach akasema hakuna neno, kesho saa tatu wawe njiani.

Jumamosi wakaenda wote, kila mmoja na baiskeli yake. Walimkuta mama Paskazia kwenye kiti chake, na pembeni, juu ya gazeti, ile sahani ya tope ikiwa imeoshwa mpaka ikafanana na chuma. Alisema aliiosha Alhamisi ile ile, kwa sababu alijua mwimbaji atarudi. Okwach alihesabu, akalinganisha, akapima kina, ikawa pacha kweli. Wakapaka chaki wakangoja. Weupe ulibaki mweupe, bila mstari. Kashindye aliomba, bila matumaini makubwa, kubadilishana na ile aliyoichukua.

"Ile sikukuuzia mimi," Paskazia akamjibu. "Ile ulijiuzia mwenyewe."

Akalipa ya pili. Okwach alipofunga kila kitu na kuwasha injini, gari lilinyamaza kama mtoto aliyeshiba. Kisha fundi akamweka mwalimu kwenye usukani akamfundisha upya: kanyaga breki, weka gia, ngoja usikie gari limeshika, ndipo uachie. Mara ya nne alifaulu. Kwa hesabu ya jumla, beringi zisizohitajika, sahani mbili na ufundi wote ule, njia yake ya bei nafuu ilikuwa imeipita ile sahani mpya ya Nairobi na kuiacha nyuma kwa mbali. Tereza hakupiga hesabu hiyo kwa sauti. Alisema tu, "Sikio halipiti kichwa, Baba Hellen," akaichukua sahani ya soli akaiweka jikoni iwe ya kuwekea sufuria za moto. Ikawa kila akitua sufuria kwa nguvu, soli inalia nyumba nzima, na kama kuna wageni wanauliza ni nini, na Tereza anawasimulia tangu mwanzo.

Jumanne jioni kulikuwa na zoezi la kwaya. Kashindye alisimama mbele yao na kabla ya noti ya kwanza akasema kwamba amemkosea Okwach kwa miaka sita, kwamba hakujua habari ya sikio lake, na kwamba kosa la kutojua ni lake. Watu walitazama miguu yao. Kisha akamhamisha Okwach kutoka katikati ya mstari wa nyuma, akampeleka mwisho kabisa, mahali ambapo wenzake wote wangekuwa upande wake wa kulia. Aliridhika na wazo hilo. Akaona sasa besi imepona.

Wakaanza. Walipofika pale pa siku zote, besi ikashuka.

Ilishuka vile vile. Lakini haikushukia mwisho wa mstari, alikokuwa Okwach. Ilishukia katikati, pale alipokuwa amesimama kwa miaka sita na ambapo sasa hakuwapo. Kashindye aliinua mkono, kwaya ikanyamaza. Kelele alikuwa ameisikia sawasawa tangu siku ya kwanza. Alichokosea ni mahali inapotoka, kama alivyokosea kwenye gari. Na mtu aliyesimama pale katikati, aliyekuwa bega kwa bega na Okwach miaka yote, alikuwa mzee Chenge, mzee wa kanisa, mstaafu wa reli, mtu wa miaka sabini na mbili ambaye hata mchungaji humwamkia kwa kuinama.

Mwisho wa mstari, Okwach alikuwa tayari amejikohoza kwa mazoea.

Watu arobaini walingoja jina. Kashindye alitazama kidole chake, akakitia mfukoni. Akauliza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu akabidhiwe kwaya ile, kama kuna yeyote aliyesikia kosa liko wapi.

Halafu mzee Chenge akainua mkono polepole, kama mwanafunzi.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Tangu meno yaliponitoka, noti zile za juu zinanikimbia."

Alieleza kwamba mwanzoni alitaka kusema, lakini kila mara jina la Okwach lilikuwa limekwisha kutajwa. Akamfuata Okwach nyumbani kumwomba radhi. Okwach akamwambia abaki tu mahali pake, kwa kuwa kuimba ndiko kunakomtoa mzee nyumbani tangu mkewe alipofariki. Yeye Okwach kusemwa amekwisha kuzoea, tena hasikii vizuri.

Kashindye alimtazama Okwach. Okwach alikuwa anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo, na ukurasa ule haukuwa unapatikana kabisa. Mwalimu alitaka kusema neno mbele ya kwaya, akaona kwamba kwa siku moja amesema ya kutosha. Akafikiri kidogo, kisha akawaambia waushushe wimbo mzima noti moja, ili wa juu wasipande mno na wa besi wote wazifikie noti zao za juu. Akawapa do mpya. Mzee Chenge akanyoosha mgongo.

Waliimba mpaka mwisho bila mkono kuinuliwa. Walipomaliza, akina mama wa sauti ya kwanza wakalalamika kwamba wimbo sasa uko chini mno, unawafanya waonekane wana mafua. Kashindye akawajibu kwamba mambo ya sauti wakamwone fundi Okwach, naye Okwach, kwa kuwa walikuwa upande wa sikio lake zima, alisikia, akacheka.